Kumtafuta mama wa balungi: safari ya Florida kufuata michungwa iliyojiotea

Jumapili jioni, Tampa: vifaa

Safari hii ya kutafuta asili ya machungwa, mabalungi na machenza ya Florida ifanywe mwisho wa Januari. Chungwa la Hamlin limebaki kwenye miti michache, chungwa la Pineapple na chenza la Dancy yanaishia, mabalungi ya Duncan na Marsh yamekolea, Temple na chenza la Murcott zinaingia sokoni. Anayekuja Juni atakuta machungwa ya Valencia ya mwisho na si zaidi.

Mfuko una kisu chembamba chenye makali, kibanio kidogo, lenzi ya mkono ya mara 10, refraktomita ya kupimia sukari, vibakuli vya maji, kalamu ya wino usiofutika, na chupa ya jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa sehemu nne za maji. Wengi hubeba spiriti badala ya jiki, na hapo ndipo wanapokosea. Exocortis, ugonjwa wa michungwa unaoenezwa kwa visu, ni wa viroidi (kisababishi kidogo kuliko virusi), na viroidi haifi kwa spiriti wala kwa kupitisha kisu kwenye moto. Hufa kwa klorini. Kisu kichovywe kabla ya kuhamia mti mwingine, kisuuzwe, kifutwe kwa mafuta, maana jiki hula chuma.

Hakuna tawi wala jani litakaloondoka shambani. Florida nzima iko chini ya karantini ya michungwa, na macho ya kubebeshea (machipukizi yanayounganishwa kwenye shina la mche mwingine) kibiashara lazima yatoke kwenye mpango uliosajiliwa, miche ikuzwe ndani ya vitalu vilivyozingirwa wavu wa kuzuia wadudu. Matunda yatakatwa palepale, kwa ruhusa ya mwenye shamba.

Kwa kila aina tunauliza mambo matatu. Mti wa kwanza ulibebeshwa au ulisimama kwa mizizi yake? Mbegu zake zina viinitete (mimea michanga ndani ya mbegu) vingapi? Na habari ya asili yake iliandikwa miaka mingapi baada ya mbegu kuota? Swali la pili ndilo lenye nguvu, kwa sababu mbegu hujibu hata pale wenyeji wote walipokwisha kufa.

Jumatatu: Safety Harbor

Kaskazini mwa mji, kando ya Old Tampa Bay, ipo Philippe Park: kilima kilichojengwa na Watocobaga, wenyeji wa kale wa hapa, mialoni mikubwa, na jiwe la kumbukumbu ya Odet Philippe, aliyefariki 1869. Maandishi mengi ya kilimo yanamtaja kuwa ndiye aliyeleta balungi Florida. Yakifika kwenye mwaka, yanapishana: mengine 1806, mengine 1823. Makazi yake kwenye ghuba hii ni ya miaka ya 1830, na madai kwamba alikuwa kabaila wa Kifaransa na tabibu wa Napoleon yamepingwa na wanahistoria waliochambua maisha yake.

Balungi lenyewe lina umri mkubwa kuliko simulizi hiyo. Mwaka 1750 Griffith Hughes alieleza tunda la Barbados lililoitwa "tunda lililokatazwa", ambalo wengi hulichukua kuwa balungi, ingawa maelezo yake yanaweza kulifaa pia huluti (mchanganyiko wa aina mbili) jingine la furungu. Vinasaba havina utata: mama ni furungu, baba ni chungwa. Wote wawili asili yao ni Asia, wakaletwa Karibi, wakakutana kwenye ua wa mtu ambaye hakuandika chochote.

Hapa Safety Harbor ndipo lilipotoka Duncan. Mti wa mbegu uliota karibu 1830, A. L. Duncan wa Dunedin, mji wa jirani, akaipa aina hii jina na kuiingiza sokoni 1892. Kati ya mbegu na jina kuna miaka kama 60 bila kibandiko. Kwa mti mwingine wa matunda pengo hilo lingetosha kuiua habari yote. Kwa Duncan halikudhuru sana, na sababu iko ndani ya mbegu.

Tunda moja la Duncan lina mbegu 30 hadi 50. Mbegu ya mimea mingi hubeba kiinitete kimoja kilichotokana na chavua na yai. Ya Duncan hubeba kadhaa: kimoja, kikiwepo, ni mtoto wa kweli wa baba na mama, vingine vimechipuka kutoka nuselasi, tishu ya mama inayokizunguka kifuko cha kiinitete. Hivyo vya nuselasi ni nakala ya mama, tena huanza mapema na kumsonga mtoto wa kweli mpaka akose nafasi. Kwa hiyo miti ya mbegu ya balungi iliyopandwa kuzunguka Tampa Bay kwa vizazi viwili ilikuwa karibu yote mti uleule. Aliyedai kuwa Duncan ni "mche wa bahati", yaani uliojiotea bila kuzalishwa kwa makusudi, alisema kweli kuhusu mahali ulipoota. Kuhusu uzazi wake, bahati ilikwisha kupita zamani, huko Karibi.

Kuhakikisha kunahitaji muda wa jioni moja na siku inayofuata. Chagua mbegu 20 zilizojaa, kutoka matunda yasiyopungua matatu. Zioshe utelezi, ziloweke saa 24. Anza kuchubua upande wenye ncha: kwanza ganda jeupe gumu, kisha utando mwembamba wa kahawia. Ziweke kwenye kibakuli cha maji na uachanishe vipande kwa kibanio chini ya lenzi. Kosa la kawaida ni kuhesabu kila kipande kuwa kiinitete. Kila kiinitete kina ghala mbili za chakula, na kwenye mbegu iliyosongamana ghala hizo hazilingani ukubwa. Tafuta kwanza kichipukizi cha mzizi, ndipo uhesabu. Kosa la pili ni kutumia mbegu za tunda bichi: viinitete vidogo bado havijaonekana, nawe utaandika "kimoja" mahali pa "vinne". Mbegu iliyokauka usiitumie kabisa. Mbegu za jamii hii hazivumilii kukauka, na utando hung'ang'ania ndani mpaka kiini kivunjike.

Mji huohuo una fumbo jingine, na hili ni gumu zaidi. Murcott, chenza la rangi ya dhahabu iliyoiva, tamu kuliko karibu yote yanayouzwa Marekani, halina wazazi wanaojulikana. Inaelekea lilitoka kwenye mpango wa uzalishaji wa mahuluti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani. Mti mmoja ulipelekwa kwa R. D. Hoyt, hapa Safety Harbor, karibu 1913, ili uangaliwe. Kumbukumbu ya wazazi haikubaki nao. Hoyt akampa mpwa wake, Charles Murcott Smith wa Bayview, macho ya kubebesha, naye akatengeneza miti kadhaa karibu 1922. Baadaye J. Ward Smith wa Brooksville akaipanda kama "chenza la Smith". Aina moja, majina mawili, wazazi hakuna. Huu si mti wa maotea. Ulizalishwa kwa makusudi na wataalamu, na bado asili yake ni giza kuliko ya balungi la Barbados, kwa sababu ya karatasi moja iliyopotea.

Anayelima Murcott lazima ajue tabia moja. Mwaka mmoja huzaa kupita kiasi, mwaka wa pili karibu hauzai. Katika mwaka wa mzigo matunda humaliza wanga wote wa mizizi, mizizi midogo hufa, majani hunyauka, na mti mzima huweza kufa matunda yakiwa bado yananing'inia. Dawa ni kupunguza matunda yakiwa machanga na kuongeza nitrojeni na potasiamu mwaka huo. Kusubiri majani yaanze kujikunja ni kuchelewa.

Jumanne: Lakeland na Lake Alfred

Kilomita kama 80 kuelekea mashariki. Mti wa kwanza wa Marsh haupo: uliungua kwa baridi hadi ardhini katika barafu kubwa za mwisho wa karne ya 19. Simulizi inayokubalika ni kwamba mama mmoja aitwaye Rushing alipanda miche mitatu ya mbegu karibu 1860, nje ya Lakeland. Shamba likauzwa kwa William Hancock. Miaka kama 20 baadaye mwenye kitalu, E. H. Tison, akagundua kwamba mti mmoja kati ya mitatu hauna mbegu. C. M. Marsh akakinunua kitalu na kuipa aina jina lake.

Hapo ndipo elimu ya Jumatatu inapouma. Miti miwili ilizaa matunda yenye mbegu nyingi, mmoja wenye mbegu sifuri hadi sita. Kama yote ilitokana na balungi la kawaida, viinitete vya nuselasi vingetoa miti mitatu inayofanana. Badiliko la vinasaba lilitokea, basi, ama ndani ya mbegu moja, ama baadaye kwenye tawi. Yapo pia maelezo kwamba Marsh ilikuwa chipukizi la mzizi wa mti mkongwe wenye mbegu. Maelezo hayo yakiwa kweli, jina la mti wa mbegu linaondoka kabisa. Mimi naona badiliko la tishu linafaa zaidi kuliko uzazi mpya, kwa sababu Marsh, ukiondoa mbegu, haipishani na Duncan kama ndugu wawili wa mbegu wanavyopishana.

Kizazi cha Marsh kimeendelea hivyohivyo, tawi kwa tawi. Mwaka 1913 W. B. Thompson wa Oneco alipata tawi lenye nyama ya waridi kwenye mti wa Marsh. Kutoka Thompson likatokea Ruby, jekundu, huko Texas 1929. Hakuna mbegu iliyohusika. Tawi lililobadilika hutambulikana kwa jambo moja rahisi: tunda geni liko sehemu moja tu ya mti, na mpaka wake ukiufuata kwa kidole unashuka hadi jicho fulani.

Lake Alfred kuna kituo cha utafiti wa michungwa cha Chuo Kikuu cha Florida, kilichoanzishwa 1917. Siku hizi kazi kubwa hapo ni huanglongbing, ugonjwa wa bakteria unaosambazwa na mdudu mdogo afyonzaye majani machanga. Ulionekana Florida 2005. Msimu wa 1997/98 jimbo lilivuna masanduku milioni 244 ya machungwa, kila sanduku kilo 41. Msimu wa 2022/23 halikufika milioni 16. Mashamba ya zamani yanang'olewa, na pamoja nayo inang'oka miti ambayo ndiyo ushahidi wa habari hizi. Ndiyo maana safari ya namna hii isiahirishwe.

Jumatano: Webster na Lake Weir

Barabara ya 471 inakata kinamasi cha Green Swamp hadi Webster. Mchungaji N. L. Brown aliishi karibu na hapa, na nyumbani kwake uliota mchungwa ulioiva mapema kuliko mingine. Mwaka 1875 Kapteni J. L. Carney alinunua haki ya kuuzalisha, akauita Parson Brown, akaubebesha kwenye kisiwa ndani ya Lake Weir. Maji ya ziwa huzuia joto la hewa lisishuke haraka usiku wa barafu. Chaguo la kisiwa lilikuwa la mtu anayeijua kazi.

Mjini hakuna la kuona, ila hoja yenyewe ni nzito. Uchunguzi wa jinomu (vinasaba vyote vya mmea) uliochapishwa 2014 na 2018 umeonyesha kwamba machungwa matamu yote ni mche mmoja. Zamani sana huko Asia, huluti la furungu na chenza lilizaliwa mara moja, na tangu hapo limenakiliwa kwa mbegu za nuselasi na kwa kubebesha. Hamlin, Pineapple, Valencia, Parson Brown: tofauti zao ni makosa madogo ya kunakili yaliyojilimbikiza. Hivyo vipimo vya kawaida vya vinasaba, vile vya alama chache vinavyotenganisha machenza kirahisi, haviwezi kutofautisha chungwa moja na jingine. Mtu akikuuzia kipimo cha bei nafuu "kuthibitisha" kwamba mti wako ni Parson Brown halisi, muulize anasoma jinomu nzima au alama kumi na mbili. Jibu likiwa la pili, kitakachothibitishwa ni kwamba mti ni mchungwa.

Kinachobaki ni kazi ya shambani. Parson Brown ina mbegu 10 hadi 20, ganda nene kidogo lenye vipele, na huiva kuanzia Oktoba. Hamlin huiva wakati huohuo, ganda laini, mbegu sifuri hadi sita. Kata matunda kumi, hesabu mbegu, chukua wastani. Tunda moja hudanganya.

Alhamisi: Citra na Orange Mills

Kaskazini, kwenye barabara ya 301 kando ya Orange Lake. Wahispania walileta danzi, chungwa chungu, likaenea lenyewe misituni, na wakulima wa karne ya 19 walikuta madanzi mwitu yamesimama tayari. Hawakupanda kwanza, walikata vilele na kubebesha machungwa matamu juu yake. Pineapple, inayoitwa hivyo kwa harufu yake ya nanasi, ilienea kutoka hapa katika miaka ya 1870.

Kisha ikaja baridi. Tarehe 29 Desemba 1894 barafu ilichoma majani na matunda, lakini miti ilibaki hai. Januari ikawa na joto, utomvu ukapanda, machipukizi yakatoka. Februari 7 na 8, 1895, barafu ya pili ikaikuta miti imejaa maji; magome yakapasuka hadi chini.

Tarehe hizi mbili zimevuruga asili za aina nyingi kuliko jambo jingine lolote Florida. Mti uliobebeshwa ukifa hadi ardhini, kinachoota tena ni shina la chini: danzi au limau kali. Mti wa mbegu, wenye mizizi yake mwenyewe, hurudi vilevile ulivyokuwa. Miaka kumi baadaye mrithi wa shamba anaona mti wenye miiba, haufanani na kitu, akaamini amepata mche wa bahati. Mkulima wa Muheza anayebebesha chungwa juu ya limau anaijua hali hii bila barafu: vichipukizi vya chini visipokatwa hulipita chungwa na kulifunika.

Kwa hiyo kabla ya kuamini, fukua. Ondoa udongo kuzunguka shina sentimita 20 hadi 30 na utafute kiungo cha kubebeshea: mkunjo, uvimbe, au mstari ambapo gome hubadilika. Shina lililotoka juu ya kiungo ni aina iliyobebeshwa, lililotoka chini yake si mche mpya. Kama kiungo kimeoza, tazama jani. Kikonyo cha jani la danzi kina mbawa pana na jani likisagwa lina harufu kali; limau kali lina mbawa nyembamba mno na tunda la mabonde na ngozi nene; majani matatu kwenye kikonyo kimoja ni Poncirus, jamaa wa mchungwa, au huluti lake. Udongo uliofukuliwa urudishwe siku hiyohiyo, lakini usizidi kimo chake cha zamani. Wakulima wa hapa walizoea kufunika shina kwa udongo kabla ya majira ya baridi ili kiungo kipone. Walioacha rundo hilo hadi joto liliporudi walipata ugonjwa wa kuoza shingo ya shina, kazi ya Phytophthora, kiumbe kinachofanana na kuvu, kwenye gome lenye unyevu.

Mchana, kilomita kama 60 hadi Palatka na kuvuka mto St. Johns. Orange Mills ndiko Kanali G. L. Dancy alikopata chenza lake 1867, mche wa mbegu wa chenza la Moragne, ambalo simulizi hulihusisha na Morocco. Mbegu za Dancy zina viinitete vingi na ghala zake ni za kijani. Rangi hiyo peke yake inatosha kulitenga na chungwa, ambalo ghala zake ni nyeupe. Duncan na Dancy zilikutanishwa na wataalamu wa Wizara ya Kilimo zikazaa aina mpya za Orlando na Minneola, zilizotolewa 1931. Mzazi mwenye viinitete vya nuselasi hutoa mahuluti machache, kwa hiyo kila huluti lililopatikana lilitafutwa kati ya nakala nyingi za mama.

Ijumaa: Glenwood

Kusini kwa barabara ya 17. Shamba la A. G. Hamlin karibu na DeLand lilipandwa 1879, na mche mmoja humo ukawa Hamlin. Haikupendwa mwanzoni: tunda dogo, juisi ya rangi hafifu. Baada ya 1895 kila mtu alitaka chungwa la kuvunwa kabla ya Januari, na Hamlin ikaenea kwa sababu hiyo. Leo iko hata kwenye orodha za aina zinazopandwa Tanzania. Shamba la asili halina la kupima tena, kwa hiyo jioni ilitumika kumalizia kuhesabu viinitete vya Dancy.

Jumamosi: Winter Park

Temple ndiyo sababu ya kumaliza safari hapa. Mnunuzi wa matunda aitwaye Boyce alikwenda Jamaica baada ya barafu, kwa kuwa Florida haikuwa na machungwa ya kuuza. Mwaka 1896 alituma macho ya mti aliouona huko kwa rafiki zake wa Winter Park. Miti ikakaa bila jina kwenye mashamba, ukiwemo wa L. A. Hakes, mpaka W. C. Temple alipoutambua uzuri wake na kumwonyesha M. E. Gillett wa Buckeye Nurseries. Ilitolewa sokoni 1919. Mti wa Jamaica ambao macho yalikatwa haujulikani ulikuwa wapi.

Tunda lina umbo la chungwa lililobanwa juu na chini, ganda la rangi ya moto linalochubuka kwa mkono, mbegu kama 20. Ni huluti la chenza na chungwa. Jamaica, ambako miti hii miwili husimama pamoja uani, imetoa pia huluti la Ortanique.

Loweka mbegu zake kama za Duncan, chubua: kiinitete ni kimoja. Kila mche wa Temple, basi, ni mtu mpya, na ndiyo maana wazalishaji waliitumia kama mzazi. Fallglo, iliyotolewa 1987, ni mtoto wake. Hapa neno "mche wa bahati" lina maana yake kamili.

Anayetaka kuotesha afanye hivi. Osha mbegu, zipande zikiwa mbichi, kina cha sentimita 1 hadi 1.5, kwenye mchanganyiko unaopitisha maji, joto la nyuzi 25 hadi 30. Zitaota baada ya wiki mbili hadi nne. Usiteue miche mirefu inayofanana na kutupa mingine, kama inavyofanywa kwenye miche ya kubebeshea. Hapa kinyume chake ndicho sahihi, kila mmoja ubaki. Kwa aina yenye viinitete vingi, chavusha maua kwa chavua ya Poncirus: mche wa majani matatu ni mtoto wa kweli, mche wa jani moja ni nakala ya mama. Tabia ya majani matatu hushinda daima, kwa hiyo kipimo hiki hakihitaji maabara.

Mti uliojiotea shambani uandikiwe mambo haya siku ya kwanza: mahali kwa alama za ramani, kama kiungo cha kubebeshea kipo, miti iliyo jirani ndani ya mita 30, idadi ya mbegu kwa matunda kumi, viinitete kwa mbegu 20, sukari kwenye refraktomita, na tarehe. Rudia misimu mitatu. Mti mchanga wa mbegu una miiba mirefu, husimama wima na huchukua miaka mitano hadi kumi au zaidi kuzaa. Matunda yake ya kwanza huwa na ganda nene na maji machache, kwa hiyo msimu wa kwanza usiuhukumu. Macho ya kujaribia, pale sheria inaporuhusu, yakatwe kwenye vilele, si kwenye matawi ya chini. Tawi la chini bado ni changa kwa tabia hata kama ndilo la zamani kwa umri, na mche utakaotoka nalo utarudia miiba na kusubiri. Bebesha kwa jicho linaloingizwa kwenye mkato wa umbo la T iliyopinduliwa, sentimita 15 juu ya ardhi, kwenye shina la unene wa penseli. Funga kwa utepe siku 14 hadi 21. Fanya hivyo kwenye mashina ya aina mbili tofauti, miche mitano kila moja, kwa sababu limau kali huongeza ukubwa wa tunda na kupunguza sukari, na mtu aliyejaribu shina moja tu atalisifu au kulilaumu tunda kwa kosa la mizizi.